Caravan ya Kitale–Nairobi, Juni 2018: mlima ulikuwa ndani ya wingu (uzi wa kiufundi)

Kipanga_Mwinuko (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Ndege ndogo ikipotea kwenye mvua au ukungu, maelezo yanayozagaa huwa mafupi: hali ya hewa ilikuwa mbaya, basi. Lakini wingu la kawaida halivunji bawa la Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Naomba tuchambue kinachovunja, na tutumie ajali moja kama mfano.

Tarehe 5 Juni 2018, saa 10:05 alasiri, Cessna 208 Caravan yenye usajili 5Y-CAC iliruka Kitale kuelekea uwanja wa JKIA, Nairobi, ikiwa na watu 10: abiria 8 na marubani 2. Mnamo saa 11 jioni mawasiliano yakakatika. Mabaki yalionekana tarehe 7 Juni upande wa Elephant Hill, safu ya Aberdare. Hakuna aliyepona, na msako wenyewe ulisumbuliwa na ukungu.

Sasa fungueni ramani. Mstari mnyoofu Kitale–JKIA ni kama kilomita 330. Kwa noti 160 (maili 160 za anga kwa saa) hiyo ni zaidi kidogo ya saa moja. Mstari huo unapita karibu na Nakuru, unaingia Bonde la Ufa eneo la Naivasha, kisha unakutana na ncha ya kusini ya Aberdare. Tazameni ardhi inavyobadilika hapo:

Naivasha: takribani futi 6,200.
Uwanda wa Kinangop: futi 8,000 hadi 8,500.
Elephant Hill: mita 3,590 hivi, yaani karibu futi 11,800.
Kilele cha Kinangop: mita 3,906, futi 12,815.

Rubani aliye futi 11,000 kutoka usawa wa bahari, akiwa juu ya uwanda, ana futi 2,500 za hewa safi chini yake na kila kitu kinaonekana shwari. Kilomita chache kushoto kwa njia yake, mwinuko huo huo wa 11,000 uko ndani ya mlima. Ukiwa nje ya mawingu unauona mlima na unaukwepa bila hata kufikiri. Ukiwa ndani ya wingu kinachokulinda ni namba mbili tu: uko wapi na uko juu kiasi gani.

Karibuni wajuzi.

---

Mnara_Wima

Mleta uzi umeanza vizuri. Naongezea upande wa hali ya hewa, maana Juni ya pale ina tabia yake.

Mvua za masika zikiisha, Nairobi na Kenya ya kati huingia msimu wa baridi na mawingu ya chini, Juni hadi Agosti. Hewa yenye unyevu inatoka mashariki, inasukumwa kupanda miteremko ya Aberdare, inapoa, inageuka wingu. Si lazima kuwe na radi. Wingu tambarare, tulivu, lisilo na msukosuko hata kidogo, linatosha kufunika kilele chote. Na kwa sababu halitikisi ndege, halimshtui mtu.

Kuna kosa moja ambalo wanafunzi wengi hulifanya kwenye kusoma METAR, ripoti fupi ya hali ya hewa ya uwanja. Huu ni mfano wa kujifunzia, si wa siku ya ajali:

HKJK 121400Z 05010KT 9999 BKN012 17/14 Q1022

HKJK ni JKIA, 9999 ni mwono wa kilomita 10 au zaidi. BKN012 ni wingu linalofunika sehemu 5 hadi 7 kati ya 8 za anga, kitako chake kikiwa futi 1,200. Futi 1,200 kutoka wapi? Kutoka usawa wa uwanja, si usawa wa bahari. JKIA iko futi 5,330 hivi. Jumlisha: kitako cha wingu kiko 6,530. Limuru iko juu ya futi 7,000. Kwa hiyo ripoti hiyo hiyo inayosema "mwono kilomita 10 au zaidi" inakwambia pia kwamba ukingo wote wa bonde umezama kwenye wingu. Anayekuja kutoka Naivasha akitegemea macho hana mlango wa kuingilia.

Kisha tazama 17/14. Joto nyuzi 17, kiwango cha umande 14, tofauti ni 3. Gawanya kwa 2.5, zidisha kwa 1,000: futi 1,200. Hesabu imekubaliana na ripoti. Tofauti ikishuka hadi 1 jioni inapoingia, andaa uwanja mbadala kabla hujaondoka, usisubiri kuukumbuka ukiwa juu.

---

Kijana_wa_Ubungo

Wakuu mimi si mtu wa anga, nauliza tu. Kama mlima mrefu kabisa hapo ni futi 12,815 si apande 15,000 apite juu, kwisha habari? Kwa nini watu wajibane chini?

---

Kipanga_Mwinuko

Swali zuri mkuu, na ndilo lenyewe.

Kanuni ya kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje) ni kuwa futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote katika eneo, na kwenye milima ni futi 2,000. Kwa hiyo 12,815 + 2,000 = 14,815. Unazungusha juu: FL150, yaani usawa wa futi 15,000. Hesabu yako imekaa sawa.

Tatizo, kabini ya Caravan haina mgandamizo. Ndege ikiwa 15,000 mapafu yako nayo yako 15,000. Kwa kanuni za ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), ukikaa kati ya futi 10,000 na 13,000 zaidi ya dakika 30, marubani wanatakiwa wawe na oksijeni pamoja na asilimia 10 ya abiria. Juu ya 13,000 ni kila mtu ndani ya ndege. Safari ya saa moja, abiria wanane, mtungi ujazwe, barakoa zikaguliwe. Ndiyo maana ndege nyingi za aina hii hukaa 9,500 hadi 11,500 na kumwachia ramani kazi ya kukwepa milima.

Na ramani inaiweza kazi hiyo. Ukishuka kusini zaidi, upite usawa wa Longonot badala ya kukata kona kwenye Kinangop, kizuizi kirefu ni Longonot yenyewe: mita 2,776, futi 9,108. Ongeza 2,000, unapata 11,108. Kwa FL120 umepita na akiba, na muda unaoongezeka ni dakika chache tu. Njia salama ipo. Ila inabidi ichorwe mezani kabla ya safari, siyo kuombwa redioni ukiwa tayari kwenye nyeupe.

---

Jairo_Mbovu

Hapa siungi mkono moja kwa moja. Mnazungumza kana kwamba rubani akishajua namba amemaliza. Ndani ya wingu kuna adui wa pili, sikio.

Sikio la ndani lina mirija mitatu yenye majimaji. Ukianza kugeuka, majimaji yanachelewa, vinyweleo vinapinda, ubongo unajua "tunageuka". Endelea kugeuka kwa kasi ile ile kwa sekunde kama 20, majimaji yanaifikia mirija, vinyweleo vinasimama, na ubongo unasema tumenyooka. Ndege bado imelala. Ukiinyoosha, sikio linapiga kelele kwamba unalala upande wa pili, na mkono unairudisha ilikokuwa. Pua inashuka, kasi inapanda, rubani anavuta usukani bila kunyoosha mabawa kwanza, na mzunguko unazidi kubana.

Chuo Kikuu cha Illinois walilipima hili mwaka 1954. Marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya vyombo waliingizwa kwenye hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote ni wa Clear Lake, Iowa, 3 Februari 1959. Beechcraft Bonanza N3794N iliruka Mason City kwenda Fargo karibu saa 7 usiku, ikiwa na wanamuziki Buddy Holly, Ritchie Valens na J.P. Richardson. Rubani Roger Peterson alikuwa na umri wa miaka 21, saa 711 hivi za kuruka, 128 kati yake kwenye Bonanza, na hakuwa na kibali cha vyombo. Usiku, theluji nyepesi, mashamba yasiyo na taa. Mafunzo ya vyombo aliyokuwa ameyapata yalikuwa kwenye upeo bandia wa kawaida, kifaa kinachoonyesha ndege imelala au imenyooka. Ndege ile ilifungwa jairo ya Sperry F3, ambayo inaonyesha kupanda na kushuka kinyume cha ule wa kawaida. Yaani kwenye sekunde ya kuchanganyikiwa unatazama kifaa pekee kinachoweza kukuokoa na unakisoma kichwa chini miguu juu. Iligonga ardhi kwa bawa la kulia, kwa kasi ya maili 170 kwa saa hivi, haikuwa imefika hata maili 6 kutoka uwanjani. Tahadhari mbili za hali ya hewa zilikuwa zimetolewa usiku ule na hazikumfikia.

Hakuna mlima Clear Lake. Kwa hiyo kinga ya futi 2,000 haitoshi peke yake.

---

Kipanga_Mwinuko

Nimekupata, lakini tutenganishe ajali za aina mbili. Clear Lake ni kupoteza udhibiti. Aberdare ni aina nyingine: ndege nzima, injini inafanya kazi, inaongozwa vizuri, inaingia mlimani. Dawa zake hazifanani. Ya kwanza inataka mafunzo na upeo bandia unaousoma bila kufikiri. Ya pili inataka mwinuko na njia. Marubani wawili wenye kibali cha vyombo wanaweza kuruka barabara kabisa mpaka sekunde ya mwisho.

---

FundiPT6

Naona kwenye nyuzi nyingine watu wanasema "labda ilishika barafu". Tuwe makini. Karibu na ikweta kiwango cha kuganda kiko futi 15,000 hadi 16,000 hivi. Kwa futi 11,000 joto la nje kwa kawaida ni nyuzi kadhaa juu ya sifuri. Barafu ya mabawa inayosumbua Caravan za Marekani ya kaskazini na Kanada si mshukiwa wa kwanza hapa. Ukipanda 15,000 kukwepa mlima ukiwa ndani ya wingu, hapo ndipo unaanza kuikaribia. Waliopendekeza FL150 walijue hilo.

Barafu inayoua ndege ndogo kwetu ni ya kabureta, na hiyo ni kwa ndege za pistoni, siyo Caravan. Cessna 182 za zamani zenye injini ya O-470 zinajulikana sana kwa hilo. Petroli ikigeuka mvuke kwenye koo la kabureta, joto linaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Nje kuna nyuzi 20 na unyevu mwingi, ndani ya koo kuna barafu. Dalili ni RPM (mizunguko ya injini) kushuka polepole bila mtu kugusa kitu. Kwenye propela ya mwendo wa kudumu RPM haishuki, dalili unaiona kwenye geji ya manifold (presha ya hewa inayoingia kwenye injini). Vuta joto la kabureta LOTE, siyo nusu. Injini itakohoa kwanza maji yakipita. Hapo wengi huogopa na kulirudisha, na ndiyo wanaizima injini kwa mikono yao.

Kwa PT6, injini ya Caravan, kwenye mvua kubwa: swichi ya ignition weka ON, ili mwali ukizimwa na maji uwake tena papo hapo. Inertial separator (inayotenga maji na hewa inayoingia kwenye injini) kwenye BYPASS kama kuna unyevu unaoonekana na joto ni nyuzi 4 kushuka chini. Pitot heat (joto la mrija wa kupimia kasi) vilevile. Pitot ikiziba, geji ya kasi inageuka altimita: ukipanda inaonyesha kasi inaongezeka, rubani anavuta pua zaidi.

---

Mnara_Wima

Kuhusu "kugeuza ukiona wingu mbele". Wengi husema geuza tu urudi ulikotoka. Sawa, lakini fanyeni hesabu ya nafasi.

Noti 160 ni mita 82 kwa sekunde. Ukilaza ndege nyuzi 30, nusu kipenyo cha kona ni kama mita 1,200. Kama unaona mbele mita 1,500 tu, una mita 300 za kuamua. Sekunde nne hazijafika.

Punguza hadi noti 110, flapsi kidogo, laza nyuzi 30 zile zile: nusu kipenyo kinashuka hadi mita 570 hivi, na kugeuka nyuzi 180 kunakuchukua kama sekunde 31. Mita 1,500 zile zile sasa zinakupa zaidi ya sekunde 16 za kuamua. Ndiyo maana mwalimu anasisitiza upunguze mwendo KABLA bonde halijabana, na uruke upande mmoja wa bonde, siyo katikati, ili upana wote uwe wako wa kugeukia.

Kisheria, kwa anayeruka kwa macho, juu ya futi 10,000 anatakiwa kuona kilomita 8, awe mita 1,500 kando ya wingu na futi 1,000 juu au chini yake. Wengi huziona namba hizo kama urasimu. Zilinganisheni na mita 1,200 za kona hapo juu.

---

Kunguru254

Na TAWS je? Si ndege hizi zina mtambo wa kuonya ardhi?

---

Kipanga_Mwinuko

Inategemea ndege na sheria za nchi. Masharti makali ya ICAO ni kwa ndege za turbini zenye uzito wa juu ya kilo 5,700 au zinazobeba zaidi ya abiria 9. Caravan iko chini ya kilo 4,000. Nyingi zinao, lakini usichukulie kwamba kila moja inao, au kwamba data yake imesasishwa, au kwamba hakuna aliyeuzima kwa sababu unapiga kelele kila mara kwenye viwanja vya vijijini visivyomo kwenye kumbukumbu yake. Hilo la mwisho ni ugonjwa wa kweli wa ndege zinazotua kwenye viwanja vya udongo.

Na hata ukilia, hesabu ni ngumu. Onyo la kwanza huja kama dakika moja kabla, la pili nusu dakika. Tuseme Caravan iliyojaa inapanda futi 600 kwa dakika ikiwa 11,000. Kwa noti 160 inakwenda maili 2.7 za anga kwa dakika, kwa hiyo inapata futi 225 kwa kila maili. Ukuta wa Aberdare kutoka uwandani kwenda Elephant Hill unapanda kwa kasi kubwa kuliko hiyo kwa kila maili. Huushindi kwa kupanda tu. Nguvu zote, mabawa sawa, pua juu hadi kasi bora ya kupanda ndiyo hatua sahihi ya kwanza, na kugeukia upande wa ardhi ya chini ni hatua ya pili, kama unajua ni upande upi. Kwenye njia ile ni kulia, kuelekea bondeni.

---

MwanaKagera

Wakuu msisahau ziwa. Milima siyo mtego pekee ukanda wetu.

Usiku upepo wa nchi kavu unavuma kuelekea Ziwa Victoria kutoka pande zote, unakutana katikati juu ya maji ya vuguvugu, na ngurumo zinapanda usiku wa manane hadi alfajiri. Upepo wa mashariki unazisukuma magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata radi asubuhi wakati miji mingine inasubiri mchana. Ratiba ya ndege ya asubuhi inakutana nazo uso kwa uso.

Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42-500 ya Precision Air, safari 494 kutoka Dar, iliingia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba wakati wa mvua na mwono hafifu. Watu 43 ndani, 19 walifariki wakiwemo marubani wote wawili, na wavuvi ndio walikuwa wa kwanza kufika. ATR si ndogo kama Caravan, lakini mazingira ni yale yale.

Ugumu wa kuja kutokea majini: uso wa maji chini ya mvua hauna miti, paa wala barabara. Jicho halina cha kupimia umbali, na rubani hujihisi yuko juu kuliko alivyo. Ongeza mporomoko wa hewa chini ya wingu la radi: kwanza unapata upepo wa mbele, kasi inapanda, mtu anapunguza nguvu, kisha hewa inakusukuma chini, kisha upepo unageuka wa nyuma na kasi inaporomoka nguvu zikiwa zimepunguzwa. Yote chini ya dakika moja.

Kigezo kinachotumika: ukifika futi 500 juu ya uwanja (1,000 kama uko kwenye wingu) na kasi haijatulia, au unashuka zaidi ya futi 1,000 kwa dakika, panda tena. Hakuna mjadala wa "tumebakiza kidogo". Na radi huzungukwa kwa maili 20, haipitwi chini yake.

---

Kijana_wa_Ubungo

Ya Aberdare ilichukuaje siku mbili kuonekana wakati kuna satelaiti?

---

FundiPT6

Sizungumzii kifaa cha ndege ile, nasema kinavyofanya kazi kwa jumla.

ELT (kifaa cha dharura kinachotuma ishara ndege ikianguka) ya sasa inatuma kwenye 406 MHz, wati 5, mlio mfupi kila sekunde 50 hivi wenye namba ya utambulisho, na 121.5 MHz mfululizo ili watafutaji wauelekee wakishakaribia. Satelaiti za uokoaji za Cospas-Sarsat ziliacha kusikiliza 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Mwenye kifaa cha zamani cha 121.5 pekee, angani hakuna anayemsikia isipokuwa ndege inayopita.

Vinavyoharibika: waya wa antena kukatika kwa kishindo (boksi zima, antena iko mita tano nyuma), ndege kulalia antena, moto, boksi kufungwa vibaya hadi swichi ya mshtuko isisikie mwelekeo sahihi, betri. Ya betri msiidharau. Dornier 228 iliyoanguka msitu wa Chikangawa, Malawi, tarehe 10 Juni 2024 na kuua watu 9 akiwemo Makamu wa Rais Saulos Chilima, wachunguzi walikuta betri ya ELT muda wake uliisha 2004.

Ukaguzi ni wa dakika chache: soma tarehe kwenye kibandiko cha betri, vuta waya wa antena kwa mkono uone kama umelegea, fanya jaribio la ELT ndani ya dakika 5 za mwanzo za saa, hakikisha namba iliyosajiliwa inalingana na usajili wa sasa wa ndege. Ndege zinazouzwa kutoka nchi hadi nchi hubeba namba ya mwenye zamani, na simu ya uokoaji inakwenda kuita Ulaya.

---

Kunguru254

Abiria wa kawaida afanye nini hapo? Hatuna altimita sisi.

---

Mnara_Wima

Machache. Kwenye Caravan jua milango: miwili ya marubani mbele, wa abiria nyuma kulia wenye ngazi, wa mizigo nyuma kushoto. Mlango wa abiria una vipande viwili, cha juu kinafunguliwa kwanza. Hesabu viti kutoka chako hadi mlangoni kabla hamjaruka. Kama njia ni ya juu ya maji, jaketi la kuokolea halijazwi upepo ndani ya kabini, maji yakiingia litakubana kwenye dari. Taja uzito wako halisi na wa begi, usipunguze kwa aibu, maana hesabu ya kupanda aliyoiweka Kipanga hapo juu inaanzia kwenye kilo hizo.

Na rubani akisema hatuondoki, au tunarudi Kitale, kaa kimya. Simu za "tuna kikao saa mbili" ndizo zinazowafanya watu wakate kona ya Kinangop.

---

Jairo_Mbovu

@Kipanga swali la mwisho: FL120 kupitia Longonot, kisha unashukaje JKIA ukiwa bado juu ya wingu?

---

Kipanga_Mwinuko

Unabaki kwenye mwinuko wa sekta. Chati ya uwanja ina duara la maili 25 lililogawanywa vipande, kila kipande na futi zake, na kila kimoja kina angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu. Hushuki chini ya namba ya kipande ulichomo mpaka uwe kwenye njia iliyochapishwa ya ILS (mfumo wa redio unaoongoza ndege kutua) au unaelekezwa na rada. Mwongozaji akikupa mwinuko ulio chini ya huo na hujui uko wapi, unauliza kabla ya kuukubali. "Thibitisha mwinuko huo uko juu ya ardhi" ni sentensi ya sekunde tatu redioni.